Vipuri Kutoka Uingereza

Kiwanda cha kuchambua pamba kilipofungwa, wote waliomwaga unga walitawanyika. Wengine walirudi kulima, wengine wakaenda Kalemela kuvua samaki. Mboje Maduhu peke yake aliendelea kwenda kila asubuhi na kopo lake la grisi. Hakuna aliyemtuma wala kumlipa. Mlinzi alimfungulia geti kwa huruma, naye akaingia kupaka mashine grisi, kuzifuta vumbi na kufukuza popo.

Soko huria lilikuwa limeingia kwa kishindo. Wanunuzi binafsi walikuja na malori na mizani yao, wakaibeba pamba ya Maswa kwenda kuchambuliwa kwingine. Chama cha ushirika kilibaki na majengo na ahadi moja: vipuri vimeagizwa Uingereza. Ahadi hiyo Mboje aliimeza nzima nzima. Kila mashine ilikuwa na kibati cha shaba chenye jina la mji ilikotengenezwa, naye alikisugua mpaka king'ae. Waliozitengeneza wapo, alisema. Wakileta vipuri tu, mngurumo utarudi.

Mkewe, Nyanjige, alichoka kusikia hayo. "Baba Minza, mvua zinatupita. Mimi na jembe langu moja nitalima mpaka lini?"

Mboje alitia pamba masikioni. Shamba liligeuka pori, na uji wa jioni ukawa ndio chakula cha siku. Wapo waliomwita mwendawazimu. Hakuwa. Lakini watoto wake walilala njaa, na hilo halina utetezi.

Jumapili moja ya mwaka tisini na nane, akitoka misani Nyalikungu, alisikia mashine zinanguruma. Moyo ulimlipuka. Kumbe sauti ilitoka dukani kwa Selestini, pale Binza, ambako watu walikaa mbele ya televisheni wakingoja mpira. Kabla ya mpira kulikuwa na kipindi cha historia ya maisha ya Waingereza, na mwalimu Danford alikuwa akiwatafsiria wachache waliojali.

Mboje alisimama mlangoni. Picha za zamani zilionyesha wasichana wa Kizungu, vitambaa kichwani, wakihudumia mashine za kusokota pamba. Kisha akatokea bibi kizee katika ukumbi mtupu, akionyesha kwa mkono mahali alipokuwa akisimama.

"Anasemaje, mwalimu?"

"Anasema viwanda vyote vya mji wao vilikufa. Vya nyuzi, hata kile kilichokuwa kikitengeneza mashine. Humo alimosimama watajenga nyumba za kupangisha."

"Mji gani huo?"

Danford akautaja. Ulikuwa ule ule wa kwenye kibati.

"Vilikufa lini?"

"Zamani, mzee. Kabla sijaanza ualimu."

Bibi yule alijifuta machozi. Mboje naye alilia pale pale mlangoni, bila kuona haya, mpaka mpira ukaanza na watu wakamwambia asiwazibe.

Nyumbani aliketi kwenye kigoda akamwomba Nyanjige wembe. "Ninyoe kipara."

"Nani kafa?" Nyanjige aliuliza, kwani kichwa cha mtu mzima hakinyolewi hivyo ila amefiwa.

"Ninyoe kwanza."

Alimnyoa huku akiwataja ndugu mmoja mmoja, na kwa kila jina mumewe akitikisa kichwa.

Asubuhi majirani walikiona kipara, wakaja kama desturi. Wanawake walileta unga. Wanaume walikaa uani.

"Mwangaluka, Mboje. Pole sana," alimwamkia Mashimba, aliyekuwa fundi mwenzake kiwandani. "Tumefiwa na nani?"

"Kiwanda," Mboje alijibu. "Hakuna wa kuleta vipuri. Nimewaona wenyewe, nao wanalia."

Watu walitazamana. Mwanamke mmoja aliuchukua unga wake akaondoka, wengine wakamfuata wakinong'ona. Nyanjige alitamani ardhi impasukie.

Mashimba hakuinuka. Wala wale wengine waliowahi kufanya kazi kule hawakuinuka. Walikaa wameshika tama, na hakuna aliyecheka.

Mwishowe Mashimba alivua kofia yake, akaiweka magotini.

"Mayu," akamwambia Nyanjige, "ule wembe bado upo?"