Nyasi za Bombani kwa Wifi

Fundi cherehani alikuwa mtu wa kusamehe, ila si kwa mbwa wa wifi yake. Jumamosi wazazi wa mchumba wa bintiye wangekuja kwa mara ya kwanza, na kwa kuwa sebule ilijaa vyerehani na vitambaa, wangekaa nje kwenye nyasi. Nyasi zenyewe sasa! Kila mbwa alipokojoa, paliungua pakabaki kipara cha manjano.

Mwezi uliopita alikuwa amemwambia dada huyo wa mumewe, jirani wa ng'ambo ya ua, "Wifi, mfunge mbwa wako."

"Mbwa ni mbwa, wifi. Nimvalishe nepi?" Akaangua kicheko.

Kicheko kile kilimkaa fundi rohoni kama mwiba. Akaapa: utanitambua!

Ijumaa wifi alipokwenda kazini, fundi alipenya uani kwake na jembe. Alichagua nyasi zilizonona kuliko zote, za pale bombani, kijani kibichi. Akazikata mapande pamoja na udongo wake, akayabeba kwa karai, akaziba vipara vyake vyote. Kwa wifi akaacha shimo tupu. Moyo ukawa mweupe pee. Jino kwa jino!

Jumamosi wageni waliketi. Baba wa kijana, mzee mzito mwenye suruali iliyopigwa pasi ikapigika, alisifu bustani, na binti akatabasamu. Mara mbwa akaingia. Hakumtazama mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kiraka cha nyasi mpya kilichokuwa chini ya kiti cha mzee, akanusa, akainua mguu. Suruali ikalowa mpaka soksi.

"Mungu wangu!" Binti alikimbilia ndani akilia.

Wifi akatokea na ndoo, akamwaga maji palepale kwenye kiraka.

"Samahani, mzee. Usipomwagia maji papo hapo, nyasi zinaungua," alisema kwa upole. Kisha akamgeukia fundi. "Tangu uliponilalamikia namzoesha kukojoa pale bombani kwangu, asikuharibie. Kila akimaliza namwagia maji, ndiyo maana palistawi vile. Ulishaona kipara kipya hapa mwezi huu? Leo asubuhi nimekuta shimo. Wifi yangu, umehamishia choo chake kwako."

Mzee alikuwa ameshasimama, anamwita mkewe waondoke.