Close Shave Ambayo Sikuiandika

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya kutunzia wazee, upande wa Westmead huku ughaibuni, meneja alinipeleka moja kwa moja kwenye mashine ya kumnyanyulia mtu kitandani. Kile kitambaa kinachombeba mzee sisi Waswahili tulikiita mbeleko. "Mama Zuhura, always two people," aliniambia. "And if you have a close shave, you write it down before you go home."

Nikamwuliza close shave ndiyo nini. Akapitisha kidole shavuni: wembe umepita karibu kabisa na ngozi, ila haujakata. Nikaelewa, ni chupuchupu yetu hiyo. Matumizi yake ndiyo yaliyonishinda. Wao wakiponea chupuchupu hutafuta fomu. Mimi nililelewa kumshukuru Mungu na kunyamaza, maana kulitangaza balaa lililokupita ni kama kuliita lirudi.

Korona ilipoingia, nusu ya wenzetu walikuwa karantini. Asubuhi moja nikamnyanyua bibi mmoja peke yangu. Mshono wa mbeleko ukaachia upande mmoja, nikamdaka kwa kifua, nikamrudisha kitandani. Hakuumia. Nikasema alhamdulillah. Kuandika kungefichua kwamba nilikuwa peke yangu, basi mbeleko nikaikunja na kuirudisha mahali pake.

Kesho yake Jeanne, Mrundi niliyemfundisha kazi mwenyewe, akamnyanyua mzee mwingine kwa mbeleko ileile. Ikakatika. Mzee akavunjika nyonga, akalazwa hospitali siku ambazo hata wanawe hawakuruhusiwa kumwona.

Meneja akaniita. "Did it ever give you trouble?"

"No," nikajibu, macho makavu.

Jeanne akafukuzwa kwa kutokagua mbeleko. Nikampelekea wali na maharage kwake Campbelltown, nikaviacha mlangoni, akaongea nami kupitia dirisha.

"Dada, mi niliiangalia. Ama pengine sikuangalia bien? Sijui tena."

Nikamwambia ajipe moyo. Naona aibu hata kuyaandika maneno hayo.

Sasa nimestaafu. Ninyi vijana mnaoanza kazi hii huniuliza siri ya kudumu miaka yote ile bila doa kwenye faili. Siri ndiyo hiyo, wala haina sifa. Mkiponea chupuchupu shukuruni, kisha mshike kalamu.

Jeanne bado ananiita dada. Huja kula kwangu kila Jumapili, na mara nyingine bado hujiuliza kama siku ile aliangalia vizuri. Jumapili hii, kabla sijapakua, nitampa karatasi hii aisome.