Ngokela Niliyoiita Kumkomoa Wifi Matilda

Wifi yangu Matilda nilimwonea wivu, na sioni haya kusema. Nilimwonea wivu mpaka chakula kikawa hakishuki.

Miaka kumi na tisa nimekuwa mhudumu wa afya wa kujitolea hapa Mkumbi. Nani alikuwa anawapima watoto uzito? Mimi, Margareta. Nani alipanda na kushuka milima hii na boksi la chanjo begani? Mimi! Halafu wanakuja watu na fedha za wafadhili wa ng'ambo, wanajaribu chanjo mpya ya homa ya Bonde la Ufa, ile inayotoka kwa mifugo. Wanataka mtu mmoja wa kuwafuatilia walioandikishwa. Wanamchagua nani? Matilda, dada wa mume wangu, aliyeanza kujitolea juzi tu! Eti ana kidato cha nne na anajua kutumia kishikwambi.

Loo! Wakampa pikipiki na buti mpya. Akipita kwangu anapiga honi, "Wifi, za nyumbani?" Najibu, "Nzuri," huku moyoni namtukana. Wanawake kisimani wakaanza kumwita Daktari. Mimi miaka yote hiyo niliitwa Mama Dorah.

Mwezi wa tatu ikafika zamu ya sindano ya pili. Ilitakiwa ichomwe Alhamisi, na siku hiyo wafadhili wenyewe wangekuja kutazama. Matilda alipita nyumba kwa nyumba kuwakumbusha watu. Mimi nikapita nyuma yake, nikatangaza ngokela, kazi ya kusaidiana, shambani kwangu, Alhamisi hiyohiyo.

Huku kwetu Umatengoni ngokela haikataliwi. Ukimnyima mwenzako mikono siku yake, ngoro zako, mashimo yetu ya kulimia mlimani, utachimba peke yako na mvua itakuacha. Walikuja wote, Dorah wangu mmojawapo, naye alikuwa ameandikishwa. Alisita kidogo, akasema, "Mama, leo si ndiyo sindano?" Nikamwambia sindano haikimbii, ashike jembe. Wanaume walifyeka na kupanga nyasi, wanawake tukazifukia kwa udongo na kupanda maharage. Tukala ugali na dagaa wa Nyasa, pombe ya komoni ikazunguka. Nilicheka sana siku ile.

Kule zahanati wageni walikuta mabenchi matupu. Wakasubiri mpaka saa tisa, wakaondoka.

Jioni Matilda akaja shambani, buti zimejaa tope. Nilijua atanitukana, nikajiandaa. Akasema taratibu, mbele ya watu, "Wifi, kama uliitaka kazi hii ungeniambia. Ningekuachia."

"Nani anataka kazi yako? Hebu nenda zako!"

Angenitukana ningelala vizuri.

Haukupita mwezi tukasikia fedha zimehamishiwa kwingine, huko ambako watu wanahudhuria. Pikipiki ikarudishwa. Matilda akabaki kutembea kwa miguu kama mimi, bila malipo kama mimi. Nikasema haya, sasa tuko sawa.

Mwezi wa tano mbuzi wakaanza kutupa mimba, mmoja baada ya mwingine, kisha watu wakashikwa na homa ileile. Dorah alianguka Jumapili, ametoka kanisani. Macho mekundu, mwili moto, hawezi kunyanyua shingo. Nikaleta kipimajoto changu, nikamkanda kwa kitambaa cha maji. Mikono hii imewauguza watoto wa watu wangapi? Nikamwambia, "Tulia mwanangu, mama nipo."

Akageukia ukutani.

"Mama, niitie shangazi."

"Shangazi atakufanyia nini nisichokijua mimi?"

"Niitie shangazi," akarudia, na hakunitazama.

Nikafunga kanga kiunoni nikatoka kwenda kwa Matilda. Nilikuwa nakimbia, nalia, naomba kwa Bikira Maria mtoto wangu apone. Na Mungu anisamehe, njia nzima nilikuwa bado namwonea wivu.