Mchumba wangu alinipa bisibisi huku akijua

Admin, jina langu naomba ubaki nalo wewe tu. Mimi ni msichana wa miaka 28, naishi Yoba hapa Gitega. Nilikulia Tanzania, tukarudi nyumbani, nikasomea kompyuta. Natunza seva ya kampuni moja yenye ofisi Gitega na Muyinga, na mchumba wangu anatunza ile ya Muyinga. Kwao walishakuja kuniposa, wakaleta pombe, wazee wakanywa, harusi tukaipanga baada ya mavuno.

Kwa msiozijua, seva ni kompyuta bapa inayokaa kabatini, na karibu kila kitu chake kinachomoka. Feni na diski unabadilisha huku inafanya kazi. Prosesa, ule ubongo wake, ndiyo lazima uzime kwanza, na kwenye mashine zetu inakaa kwenye kibao chenye pini laini sana, ukizipinda umekwisha. Vipuri ni shida, kwa hiyo ofisi moja ikikwama tunachomoa kwa nyingine. Na sisi mafundi tuna desturi yetu: aliyefungua mashine mwisho ndiye anayejibia kilichovunjika. Ndiyo maana hakuna fundi anayependa mwenzake aguse mashine yake.

Prosesa ya Gitega ikafa. Mkuu wetu akaamua tutoe moja Muyinga, maana ile inazo mbili na kazi kule imepungua. Nikaenda naye. Mchumba wangu akatupokea vizuri, akazima mashine, akafungua kabati, kisha akaninyooshea bisibisi mbele ya mkuu.

"Chérie, fungua we. Mikono yako iko mwepesi kuliko yangu."

Mwenzenu nikajiona malkia. Nilidhani ananipa heshima.

Nilipochomoa kibao, pini za upande mmoja zote zilikuwa zimelala. Mkuu akasema, "Umefanya nini wewe?" Nikainama kutazama. Mule ndani vumbi jekundu lilikuwa limetanda kila mahali, ila vishikio vya kibao kile vilikuwa safi, vimeshikwa juzijuzi tu. Na ufunguo wa kabati anao mchumba wangu peke yake. Nikamtazama, akaangalia chini.

Nilimvuta nje nikamuuliza. Wala hakukataa.

"Mi ningefanya nini? Leo wanachukua processeur, kesho disque, kesho kutwa ventilateur. Mwisho mi nabaki nalinda sanduku tupu, halafu na mi wananitoa. We chef anakupenda, hawezi kukufukuza."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekataa, donc nikanyamaza."

Nililia njia nzima kurudi Gitega, na mkuu akadhani nalia kwa sababu ya kosa langu. Sasa nimesimamishwa kazi. Jumatatu natakiwa kwenda kujieleza. Nikisema ukweli, yeye anafukuzwa na harusi inakufa palepale. Nikinyamaza, kazi niliyoisotea miaka yote naiaga, na hapa Gitega hakuna atakayemwajiri fundi aliyevunja prosesa.

Mama anasema ninyamaze. "Kazi utapata nyingine, mwanangu. Wale watu wameshakunywa kwetu, utawaambia nini?" Simlaumu, anaogopa maneno ya majirani. Lakini usiku analala, mimi silali.

Ndugu zangu, ningeweza kumsamehe kuharibu mashine. Hofu ya kukosa kazi naijua. Kinachoniua ni ile sura yake ya upole akinipa bisibisi. Nampenda bado, sitadanganya, na hilo ndilo linalonitesa zaidi.

Tangu siku hiyo ananipigia kila siku. Hajawahi kuniuliza kama nimekula, wala kama nimelala. Nikipokea tu, swali lake ni moja: "Umesha wambia kitu?"

Dada zangu, kaka zangu, Jumatatu inakuja. Nimtaje, au niolewe naye hivi hivi?