Sheikhan na Spika za Mezani

Mjini Voi, mtu akipata kitu kizuri kwa bei ya kuchekesha, wenzake humwambia amenunua kama Sheikhan. Sheikhan mwenyewe, mwenye duka la vifaa vya ujenzi nyuma ya soko, hakuiona hiyo kuwa sifa. Kwake ilikuwa taarifa tu, sawa na kuambiwa kwamba leo jua ni kali. Alianza kwa kuuza misumari iliyopinda, ile ambayo mafundi waliing'oa kwenye mbao kuukuu wakaitupa, naye akaiokota, akainyoosha kwa nyundo na kuwauzia mafundi wale wale. Sasa anauza mabati. Amefika hapo bila shamba la baba, bila mkopo na bila, kama anavyopenda kuongeza, kuamini neno la muuzaji yeyote.

Mbinu yake kila mtu aliijua na bado iliwashinda. Aliingia dukani akiwa hataki kitu. Alikitazama kile alichokifuata kama mtu anavyotazama kidonda cha mwenzake. Akakigeuza, akakinusa, akakitoa kasoro, akaulizia bei ya kitu kingine kabisa, kisha akaelekea mlangoni. Kabla hajafika mlangoni, bei ilikuwa imeshuka na kumfuata.

"Ukionyesha unatamani, umeshalipa," alimwambia mkewe Rayhana siku moja.

"Na mimi ulinitoa kasoro gani?" Rayhana akauliza.

"Nyingi. Tatizo babako alikuwa amekaa mlangoni."

Balaa lake lilianza kwenye ofisi ndogo nyuma ya duka, kachumba chenye meza, kiti na kuta za mikebe ya rangi. Kila jioni akifunga duka, kabla ya adhana ya magharibi, Sheikhan alikuwa na muda wake. Nyumbani kulikuwa na wajukuu na televisheni, na vyote viwili havikuwa na kitufe cha kupunguza sauti. Basi alikaa pale akasikiliza taarab za zamani kwenye simu, simu yenyewe ameitumbukiza ndani ya bilauri ili sauti ikue. Sauti ilikua kweli, lakini ilikua kama mtoto asiyepata lishe. Fidla ililia mfano wa nyuki aliyefungiwa koponi. Akavumilia miaka. Halafu siku moja, bila sababu ya maana, akachoka.

Akaenda kwa Mable.

Mable ni mtu wa Wundanyi aliyeteremka Voi na redio mbili za kuuza, na sasa ana duka la umeme lenye vioo. Yeye na Sheikhan waliheshimiana kama mabondia wawili ambao bado hawajapangiwa pambano.

"Karibu Mzee Sheikhan. Leo unatafuta nini?"

"Sitafuti kitu. Nimekimbia jua."

"Jua la leo kali kweli," Mable akasema, na nje kulikuwa na mawingu.

Akamwonyesha kwanza zile zinazotoka sana: spika ndefu kama kabati, zenye taa zinazobadilika rangi. Mable akaiwasha moja na vioo vya duka vikatetemeka. Sheikhan akawaza ofisi yake. Kuweka dude lile kando ya meza kungekuwa kama kunywa chai na fahali. Mable akamwonyesha za pili, jozi ya plastiki ya kuweka kando ya kompyuta, mpya, nyepesi hata ukiipulizia inasogea. Mwimbaji alisikika kama ana mafua.

Jozi ya tatu ilikuwa juu ya meza ya Mable mwenyewe. Spika mbili ndogo, kila moja imezidi kidogo tu pakiti ya unga ya kilo mbili, za mbao nyeusi, hazina taa, hazina mbwembwe. Sheikhan akainua moja kwa dharau na mkono ukashuka. Ilikuwa nzito kama tofali la saruji.

"Hizo alikuwa nazo mtafiti wa ndovu aliyehama," Mable akasema. "Alikuwa anasikilizia sauti alizorekodi mbugani. Si za harusi, Mzee. Ni za mtu mmoja, tena akae karibu."

"Ndogo."

"Ndogo."

"Hata taa hazina."

"Hazina."

"Na zimetumika."

"Zimetumika," Mable akakubali, na kukubali kwake huko kungemshtua Sheikhan siku nyingine. "Hebu kaa hapa, kwa kiti changu. Cheza wimbo wako."

Sheikhan akakaa. Spika zilikuwa kulia na kushoto, karibu kiasi cha kunyoosha mkono azishike, zimegeuzwa kidogo zimtazame. Akachagua taarab aliyoijua kama njia ya kwenda chooni, ili asibabaike.

Akamsikia mpiga fidla akivuta pumzi. Pumzi! Miaka yote ile hakujua kwamba yule mtu alikuwa anapumua. Akasikia pete ya mpiga dumbaki ikigonga ubao, na kiti kikilia mahali fulani nyuma. Halafu mwanamke akaanza kuimba, wala hakuwa ndani ya spika ya kulia wala ya kushoto. Alikuwa katikati, hapo hewani, juu kidogo ya stepla ya Mable, amesimama kama mtu aliyekuja kudai haki yake.

Sheikhan akasahau kutoa kasoro ya nne.

Mable akamtazama usoni. Alikulia kando ya mama muuza mboga, na kusoma uso wa mnunuzi alikujua kabla ya kusoma vitabu. Akangoja ubeti ufike mahali patamu, akazima.

"Bei ni hiyo iliyoandikwa kwenye kikaratasi," akasema.

"Punguza basi, Mable."

"Saa hizi? Mzee, ungeniambia kabla hujafumba macho."

Sheikhan akasimama akaelekea mlangoni, kwa desturi. Bei haikumfuata. Akasimama kizingitini, akatazama barabara, malori yakapita. Kisha akageuka, akatoa simu, akatuma hela yote kama ilivyoandikwa, na Mable akamfungia spika kwenye gunia bila hata kumpa waya wa bure.

Jioni ile aliziweka mezani, zimeegemea ukuta, na mwimbaji akanguruma kama yuko ndani ya tangi la maji. Akazisogeza mbele shubiri moja, mngurumo ukaisha. Lakini sauti bado ilimwimbia kifuani badala ya masikioni, kwa hiyo akaziinua juu ya mikebe miwili ya rangi, hadi kile kispika kidogo cha juu, ambacho mafundi hukiita twita, kikawa sawa na sikio lake. Mwisho akazielekeza kwenye pua yake, kidogo kidogo, mpaka mwanamke yule akaja katikati akatulia. Kwa sauti ya chini tu. Mtu aliyekuwa anapita nje asingejua kuna muziki.

Mable, kwa upande wake, hakunyamaza. Nani angenyamaza? Kesho yake Voi nzima ilijua kwamba Sheikhan amelipa bei ya kikaratasi. Na hapo ndipo jina zuri lilipomtia Sheikhan mashakani, kwa sababu hakuna aliyeamini kwamba ameshindwa. Sheikhan? Apigwe bei? Haiwezekani. Kama amelipa bila kubishana, basi vile vitu vina thamani ambayo Mable haijui. Wanaume wakaanza kuja dukani kununua bawaba moja moja, huku shingo zimerefuka kuchungulia ofisini.

Wa mwisho kuja alikuwa Geoffrey wa Bomeni, dalali anayenunua chochote chenye bei moja upande huu wa mpaka na bei nyingine upande wa pili. Alifika na pikipiki mpya inayong'aa, akaingia moja kwa moja hadi ofisini, na wanunuzi wa bawaba wakamfuata.

"Mzee, shikamoo. Nimekuja kuchukua vile vitu."

"Vitu gani?"

"Usinifanye mtoto. Hivyo juu ya rangi. Sema bei."

"Siziuzi, Geoffrey."

"Kila kitu unauza. Ulimuuzia binamuyo kufuli ya mlango wako mwenyewe."

"Hizi siziuzi," Sheikhan akasema, na kwa kuwa alikuwa amechoka, akasema ukweli. "Nazipenda."

Duka zima likaangua kicheko. Mmoja akapiga bati kwa furaha.

"Mzee wewe ni noma!" Geoffrey akafuta machozi. "Ati anazipenda! Sawa, nimeelewa, bei imepanda. Chukua pikipiki. Iko hapo nje, haijamaliza mwezi. Na nitakuongezea maharagwe ya Njukini, magunia, uhesabu mwenyewe."

Mfanyabiashara aliyekuwa ndani ya Sheikhan alikuwa ameshapiga hesabu kabla Geoffrey hajafunga mdomo, na hesabu ilikuwa tamu hata mate yakamjaa. Tangu siku za misumari hakuwahi kukataa faida nusu ya hiyo. Akikataa mbele ya watu hawa, kesho Geoffrey ataleta na shamba, na keshokutwa atakuja mtu wa kuvunja kufuli bila kuuliza bei. Akikubali, atarudi kwenye bilauri. Akazitazama zile spika mbili. Hata angezitoa kasoro zote za duniani, nani angemsikiliza? Wangesema ni mbinu mpya.

"Basi usinisikilize mimi," akasema polepole. "Zijaribu mwenyewe, unavyojua wewe."

Na Geoffrey akafanya kama anavyofanya kila mnunuzi wa spika huku kwetu. Akazibeba hadi mlangoni, akaziweka chini zikitazama barabara, kisha akavuka kwenda ng'ambo kusikiliza. Ndivyo spika inavyopimwa, kwa sababu spika hainunuliwi kwa masikio ya mwenyewe. Hununuliwa ili isikike kwenye harusi ya mtaa wa pili, ama ivute watu kutoka stendi, ama iwafikie wale ambao hawakuja kwenye mkutano wa injili. Ng'ambo ile kulikuwa na kinu cha posho kikisaga mahindi, na boda boda watatu wakigombania abiria mmoja.

"Fungulia!" Geoffrey akaita, kiganja nyuma ya sikio.

"Imefunguliwa!"

"Ongeza!"

Sheikhan akainama, akaigusa swichi ya sauti. "Mwisho ndio huo!" akajibu. Na kweli ulikuwa mwisho, mwisho wake yeye. Hakuwahi kupandisha sauti kupita hapo.

Geoffrey akarudi akitembea kama mtu anayeleta habari ya msiba. Akamshika Sheikhan bega.

"Mzee. Pole sana. Umepigwa."

Macho yote yakamgeukia. Sentensi moja tu ingetosha: keti hapa, sogea karibu. Jina lake lingerudi palepale likiwa limeng'aa zaidi, na pikipiki juu. Sheikhan akakaza taya, akalimeza jina lake zima bila maji.

"Ndiyo," akasema. "Nimepigwa."

Wanunuzi wa bawaba wakatoka mbio, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kuisimulia. Nyumbani habari ilifika kabla yake.

"Nasikia Mable amekupiga," Rayhana akasema akimwekea chai.

"Amenipiga."

"Alhamdulillahi. Nilidhani nitakufa sijaiona siku hii."

Wiki ile ilikuwa ngumu. Watoto wa shule walimwonea huruma. Mafundi aliowanyoa kwa miaka walimsalimia kwa upole, kama mgonjwa. Kisha akaja Mumbe, ambaye anajenga vyumba vya kupangisha kando ya mji, na ambaye siku zote alimtuma fundi kununua mabati kwa kuwa yeye mwenyewe alimwogopa Sheikhan. Safari hii alikuja mwenyewe, mkoba begani, anatabasamu kutoka mbali.

"Mzee, leo tutaelewana. Hata wewe hupigwa, si ndiyo?"

"Mama, mimi nimekuwa mzee."

Mumbe akataja bei yake kwa sauti ya ushindi, haraka, bila kuuliza ya Sheikhan. Ilikuwa juu ya ile ambayo Sheikhan angeikubali wiki iliyopita. Sheikhan akainamisha kichwa. Akashusha pumzi. Akalalamika kwamba anamuumiza, na Mumbe akacheka akakataa kuongeza hata shilingi.

Mabati yakapakiwa. Mumbe akapanda lorini, akamwinamia dereva kumsimulia jinsi alivyomkamua yule mzee. Sheikhan akawapungia mkono hadi wakapotea kwenye kona. Kisha akaingia ofisini, akavuta kiti karibu na meza, akamngojea yule mwanamke wa taarab avute pumzi.