Nilimchemshia Mume Wangu Dawa ya Ugonjwa Asiokuwa Nao

Niiteni mnavyotaka. Mnafiki, nyoka, shetani wa kike, yote nimekwisha kujiita mwenyewe nikiwa nasugua sufuria, na hakuna jina lililonitosha. Nimekosa. Sikuteleza, wala sikupotoshwa na marafiki. Nilikaa chini nikapanga, nikafanya, na nikaendelea kufanya kwa miaka minne.

Mume wangu ni fundi wa mashua pale Dunga, ufuoni mwa ziwa. Ni mtu mpole, mwenye mikono mikubwa, ananuka mbao hata Jumapili kanisani. Tulipooana tulikaa chumba kimoja cha kupanga Kondele, nami nilikuwa keshia kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Yeye alitaka mtoto. Mimi nilitaka nyumba.

Nielewe kidogo, halafu unichukie. Nilipokuwa na miaka tisa, mwenye nyumba alitufungia mlango kwa kufuli, na mama akatupikia uji nje, majirani wote wakitazama. Siku hiyo niliapa kuwa mtoto wangu hatazaliwa katika nyumba ya mtu.

Basi nikamwambia mume wangu tununue nyumba kwanza hapa mjini, halafu watoto waje. Akacheka.

"Nyumba ya kununua ni ya kulala tu, nyar Seme. Dala yangu iko Asembo. Tupate mtoto kwanza, hiyo ingine itakuja pole pole."

Nyar Seme ndilo jina langu kwao, binti wa Seme, kwa sababu nimezaliwa huko. Na dala ni boma, na Asembo ni kijijini kwao. Kwao mwanamume haanzishi boma peke yake. Anatoka asubuhi na mke wake na mtoto wake, na jogoo na shoka, ndipo nyumba inasimamishwa. Kabla ya hapo anahesabiwa bado kijana, na nyumba yake pale nyumbani ni simba, kile kijumba kilicho karibu na lango la baba yake. Na mdogo wake hawezi kumtangulia. Mimi mambo hayo niliyaona ushamba mtupu.

Lakini sikubishana naye. Nikasema, "Sawa, tutafute mtoto." Jumamosi iliyofuata nikaenda kliniki nikachomwa sindano ya kupanga uzazi, ile ya miezi mitatu. Kadi nikaiweka ndani ya bahasha ya karatasi za akiba yetu. Yeye karatasi hapendi kuzishika kabisa. Nilijua hapo hatafika.

Mwaka wa kwanza watu walituombea. Mwaka wa pili wakaanza kututazama. Kule Dunga wenzake hawakuwa na huruma. Siku moja nilimpelekea chakula cha mchana nikasikia mmoja akimwambia, "Bwana fundi, kumbe wewe unajua kupiga misumari kwa mbao peke yake?" Wote wakaangua kicheko. Mume wangu akacheka nao, akainama akaendelea kupiga randa. Nikampa sahani yake, nikarudi kazini. Jioni nilikula, nikashiba. Unasikia? Nilishiba!

Kisha mama mkwe akaja kutoka Asembo Bay na chupa tatu za dawa ya mizizi.

"Nyar Seme, apewe asubuhi kabla hajakula kitu. Chemsha sana. Usiache hata siku moja, nyathina."

Nyathina, mtoto wangu. Ndivyo alivyoniita yule mama.

Dawa ilikuwa nyeusi na harufu yake ilishika mpaka mapazia. Mimi ndiye niliyeichemsha kila asubuhi. Mimi ndiye niliyemshikia kikombe. Alikuwa akimeza, macho yanamtoka, halafu anakimbia nyuma ya nyumba kutapika. Nami nilimfuata na kitambaa, nikamfuta mdomo, nikamwambia, "Jikaze, baba." Nilisema hivyo! Kwa mdomo huu huu ninaolia chakula! Dawa ya ugonjwa asiokuwa nao, na mimi niliyejua ndiye mpishi. Nikikumbuka mkono wangu na kile kitambaa, natamani kujitema mwenyewe kama mtu anavyotema chakula kilichochacha.

Siku moja akaniambia anaenda hospitali kupimwa. Akarudi jioni. Nikamuuliza wamesema nini, akanijibu, "Tuombe Mungu tu." Nikaona afadhali, hakuna aliyenishuku. Nikaenda zangu kwa sindano iliyofuata.

Mwaka wa nne tukaitwa Asembo. Baba mkwe alikuwa amefariki zamani, kwa hiyo baba mdogo ndiye aliyeongoza kikao. Tulikaa uani, jua la saa nne likiwaka. Shemeji yangu mdogo alikuwa pale na mke wake na watoto wao watatu, wote bado wamebanana kwenye simba.

"Sisi hatutaki kuaibisha mtu," baba mdogo akasema. "Lakini huyu mdogo atangoja mpaka lini? Watoto wanalala juu ya wengine. Ama huyu mkubwa atafute mama mwingine azae, ama aseme na mdomo yake kwamba huyu mdogo apite."

Kila mtu akanigeukia. Jamani, nilikuwa na nafasi! Neno moja tu lingetosha. Lakini ile nyumba, ambayo hatimaye alikubali tuilipie kidogo kidogo kwa akiba yetu, ilikuwa imebaki miezi michache tukabidhiwe funguo, nami nikajiambia nivumilie, nikishazaa haya yote yatasahaulika. Nikainamisha kichwa kama mke mwema aliyeumizwa.

Mume wangu akasimama. "Apite," akasema. "Shida ni yangu mimi. Nilipimwa. Msisumbue huyu mama."

Mama mkwe akajifunika uso kwa leso. Shemeji hakufurahi hata kidogo, alitazama chini. Kaka mkubwa amerukwa na mdogo wake mbele ya mke wake na mbele ya watoto. Kwa watu wa kwao, hilo halifutiki. Nami nikafikiria rangi ya vyumba. Naandika hili polepole ili nilisome vizuri: nilifikiria rangi ya vyumba.

Nyumba tukapata, upande wa Mamboleo. Vyumba vitatu vya kulala, geti la chuma, maji ndani. Kimoja nikakipaka kijani hafifu kwa ajili ya mtoto. Nikaacha sindano. Nikawa nasubiri, na ushuhuda wa kutoa kanisani nilikwisha kuutunga. Ningesema Mungu amejibu.

Mwezi wa tano tangu tuhamie, nilirudi kutoka kazini nikamkuta mume wangu ameketi mezani, na ile bahasha iko mbele yake. Mtu asiyependa karatasi!

"Nilikuwa nataka kupelekea wakili hizi karatasi ya nyumba," akasema. "Atoe jina yangu, ibaki yako peke yako. Nikikufa bila mtoto, hawa watu watakufukuza. Najua ndugu zangu."

Kisha akanisukumia kadi ya kliniki. Mihuri yote ilikuwa pale, kila miezi mitatu, hakuna hata mmoja uliochelewa. Sikuwahi kuwa mwaminifu kwa jambo lolote kama nilivyokuwa kwa kadi ile.

Hakupiga kelele. Afadhali angenipiga kofi. Aliingiza mkono mfukoni akatoa karatasi iliyokunjwa mpaka imechakaa, akaiweka kando ya kadi. Ilikuwa majibu yake ya hospitali. Hana kasoro yoyote. Yalikuwa ya kabla ya kile kikao cha Asembo.

"Mimi nilidhani ni wewe," akasema. "Nikaona wakijua watakutesa, wataniletea mke mwingine. Ndiyo nikasema ni mimi."

Nikaivuta kadi kwangu, nikaifunika kwa mkono.

"Ile dawa nilikuwa najua hainisaidii," akasema. "Hata baada ya kupimwa niliendelea kunywa ndiyo wasikushuku."

Alichukua sanduku lake la vyombo vya useremala na nguo chache. Sasa anakaa Dunga, chumba cha kupanga. Wiki mbili baadaye wakili akanipigia simu niende kutia sahihi. Alikuwa amepeleka karatasi vilevile. Nyumba ni yangu, jina ni moja. Ndivyo nilivyotaka, sivyo? Nikipita mbele ya chumba cha kijani najisikia kichefuchefu, na si cha mimba.

Wewe unayesoma, sikwambii usinunue nyumba. Nunua! Wala sikwambii usipange uzazi. Panga, hata kesho asubuhi. Lakini kaa na mtu wako muonane macho, umwambie, "Mimi sitaki mtoto sasa." Mgombane siku hiyo, mnuniane wiki nzima, akatae, uende kwenu kama ni kwenda. Hayo yote ni nafuu. Usimfanye mtu akameza uongo wako kila asubuhi, nawe ukamfuta mdomo.

Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kunitembelea. Kumbe mume wangu hajamwambia mtu yeyote! Kwao wanajua ana kazi nyingi ya mashua, basi. Mama aliniletea omena, wale dagaa wa ziwani, na chupa nyingine ya ile dawa. Akanishika mikono yote miwili.

"Asante kwa kuvumilia mtoto wangu, nyar Seme. Mwanamke mwingine angeshaenda."

Nilimjibu, "Hakuna shida, mama." Nikaipokea chupa, nikampikia chai, nikamsindikiza mpaka stendi.

Ndiyo maana naandika. Na hata haya machozi msiyaamini sana. Asembo nzima wanamjua mume wangu kwa jina lake, na kila mtu anajua yeye ndiye mwenye kasoro. Mimi ninayeungama hapa, jina langu nimelificha.