Suruali ya Thorvald Juu ya Jumba la Opera

Mume wangu Thorvald ni seremala, na kwa ubishi hana mwenzake Denmark nzima. Jumba la opera la pale bandarini lilikuwa kazi yake ya mwisho. Ijumaa ile alikuwa anastaafu. Alitaka kitu kimoja tu: alivishe shada kwa mkono wake, ashuke, ale soseji, anywe bia, arudi nyumbani.

Kwetu ndivyo ilivyo. Kenchi za paa zikisimama, shada la majani mabichi hutundikwa juu na mwenye jengo huwakirimu mafundi. Akileta ubahili, mafundi humtundikia mtu wa majani makavu aliyevaa suruali mbovu, mji mzima umcheke.

Sasa lile jumba, we! Limechorwa kama shuka iliyotupwa kitandani. Paa linaanzia chini, linapanda, linajikunja, linashuka mpaka majini. Mkurugenzi wa ujenzi, Bwana Ravnsborg, ambaye karamu ilikuwa juu yake, akapata pa kujifichia.

"Paa liko wapi, Thorvald? Huu ni ukuta uliolala. Paa likifika, tutakula."

"Ukuta ndio unaokukinga mvua saa hizi? Hebu toka nje basi, ulowe!"

Alhamisi asubuhi mtu wa majani alikuwa kileleni mwa jumba, miguu inapepea. Magari yakapiga honi. Thorvald alikuja kula mchana akichekelea peke yake.

Mimi nikachungulia dirishani. Ah!

"Thorvald, ile suruali umeitoa wapi?"

"Kabatini. Ile mbovu."

"Yenye kiraka cha pazia langu la jikoni?"

Mtaa mzima unalijua lile pazia, maua makubwa ya njano. Na mtaa mzima unajua kwamba nyumba yetu hii, aliyoijenga tukiwa maharusi, haikuvishwa shada. Mafundi wenzake, Asger na wengine, walimsimamishia kenchi, yeye akawaambia, "Karamu mwezi ujao." Mpaka watoto wakaoa, mwezi ujao haujafika. Kila nikikutana na mke wa Asger dukani, natamani ardhi inimeze.

Mara hodi. Asger huyo na mkongojo wake, nyuma yake wazee wenzake, wamechana nywele.

"Shemeji, tangazo tumeliona. Thorvald, umejitundika mwenyewe! Si ungetuita tu?"

"Si mimi yule, ni Ravnsborg!"

"Ravnsborg havai mapazia ya shemeji."

Nilicheka mpaka nikakaa sakafuni. Kisha nikainuka, nikabandika sufuria ya soseji. Thorvald alinitazama, akawatazama wazee. Akachukua kisu, akaenda bustanini kukata matawi.

Jioni Ravnsborg alikuja amefura kwa hasira. Akamkuta Thorvald juu ya paa letu akifunga shada, wazee wakimshangilia. Nikamtia soseji mkononi kabla hajafungua kinywa.

"Kumbe hata hii ilikuwa haijavishwa?" akauliza, akitafuna.

"Haikuvishwa," Thorvald akajibu kutoka juu. "Na wewe usingoje kama mimi. Vagn na Ejnar walinisimamishia kenchi hizi, wamekufa hawajaila soseji hii."

Wazee walivua kofia. Ravnsborg aliacha kutafuna.

"Kesho," akasema. "Kesho mchana, tutakula wote."

Kesho yake Thorvald alilivisha jumba la opera mbele ya mji mzima, wakapiga makofi, wakapiga na picha. Mimi nilichelewa kufika. Nilikuwa nimesimama barabarani, naangalia paa langu.